Jina Langu Ukutani

Saa nane mchana nafunga madirisha.
Mokeira wa mlango wa pili hucheka:
"Wewe, unamficha nani humo?"
Simfichi mtu. Ni mazoea ya miaka tisa,
ya kijiji kilicholala kila baada ya chakula
kama mtoto aliyeshiba,
paka katikati ya barabara,
na bahari kule chini, bluu, isiyo na la kusema.

Hapa Pipeline, ghorofa ya tano, mchana haulali.
Mtungi wa gesi unaburutwa ngazini,
fundi anakata vyuma,
mhubiri amefunga spika kwenye nguzo ya stima,
na jua huingia kwangu dakika ishirini tu,
likinyata kati ya ukuta na ukuta
kama mpangaji mwenye deni.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, wanasema.
Mimi nilipewa siku ile ile:
Donata, miaka themanini na mitatu,
na miguu yake ya kuoshwa,
ambayo mwanawe wa Torino hakuwahi kuigusa.
Akaniuliza jina. Kemunto, nikasema.
Akaliandika kwenye bahasha ya dawa kwa tahajia ya kwao:
Chemunto.
Mkisii mzima, nimevuka bahari
nikageuzwa Mkalenjini kwa penseli!
Na katika watu mia mbili na kumi na wawili
hakuna hata mmoja wa kucheka naye.

Usiniulize kama palikuwa pazuri.
Palikuwa pazuri hadi pakanichosha.
Ukimya wa pale ungeupima kwa kilo, kama maharagwe.
Usiku nilimpigia mdogo wangu:
"Usiseme kitu. Weka simu dirishani."
Nikalala nikisikiliza jenereta,
mbwa wa huku,
mlevi akimdai mwezi chenji yake.

Kule mauti hubandikwa ukutani.
Karatasi nyeupe, ukingo mweusi,
jina, umri, saa ya misa,
na chini, waliofiwa, mmoja mmoja.
Kila asubuhi Donata alinituma nikasome ukuta.
Nikirudi: "Nani?"
Nikimtajia, hufikiri kidogo.
"Huyo nilimkopesha mayai sita."
Au: "Alicheza dansi vibaya."
Basi. Amekwisha kumzika.

Kwetu mauti huingia kwenye simu:
kikundi kipya, umetiwa bila kuulizwa,
namba ya mchango, jina la mweka hazina,
na kabla hujalia umeshahesabiwa.

Jana ikaja picha kutoka kwa Rocco wa posta.
Ukuta ule ule.
Donata, miaka tisini na mitatu.
Mwanawe, mkaza mwana, wajukuu wawili,
na mwisho kabisa, kama aliyechelewa misa,
Chemunto.

Sikulia. Nilikuza picha kwa vidole viwili
mpaka jina likawa nukta tupu.
Kisha nikatoa kiti, nikakaa koridoni
kama wanavyokaa wao jioni, mgongo ukutani,
watu wenye ndoo wakiniruka miguu.

Mokeira akatoka. "Kuna nini?"
Nikampa simu. Akasoma polepole,
herufi kwa herufi, kama zisomwavyo huku:
"Che-mu-nto. Na huyu Mkalenjini
alifika lini huko?"

Nikacheka.
Miaka kumi kile kichekesho kimengoja mtu,
nikacheka mpaka kope zikalowa
na Mokeira asijue ashike kicheko au kilio.
Akaingia ndani, akarudi na kiti chake.
"Alikuwa nani?"

Chini mhubiri alipandisha sauti.
Nikafikiri kidogo.
"Nilitoka na sweta lake," nikasema.
"Lile la kijivu. Sikumrudishia."